Karata za Barabarani

Mwalimu wa udereva aliniazima karatasi mbili zenye alama zote za barabarani, akaniambia nikatoe kopi ya rangi kisha nimrudishie zake. Nikaenda kwenye duka la steshenari hapa Kilwa Masoko, nikauliza bei ya kopi ya rangi, nikauliza tena kwa kudhani nimesikia vibaya, halafu nikaagiza nyeusi. Muuzaji akanitazama.

"Mama, alama za barabarani bila rangi?"

"Rangi nitatia mwenyewe."

"Utatia kwa nini?"

"Hilo halimo kwenye bei."

Nilikuwa na haraka. Mimi ni mtu wa magulio. Napakia ndoo, sufuria, vitenge, mikeka ya plastiki na sabuni kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nazunguka vijijini kila palipo na siku ya gulio: Njinjo, Likawage na kwingine huko ndani. Miezi mingi ya mwaka ni ya kubahatisha. Zile wiki chache baada ya wakulima kulipwa fedha za ufuta ndiyo mwaka wenyewe. Ukichelewa wiki hizo, unakuta kila nyumba ina ndoo mpya, na hakuna hata moja iliyotoka kwako.

Msimu ukiwa unanukia, dereva wangu alikuja asubuhi moja akasimama mlangoni. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Mtu anayekuja kuaga hakai. Alikuwa amepata kazi ya lori. Nikamtakia heri, nikawahesabu madereva wengine ninaowafahamu, mmoja mlevi, mmoja mwepesi wa kubeba abiria juu ya mzigo wangu, nikawahesabu tena, na hesabu zote mbili zikaishia kwangu mwenyewe. Gari ni langu. Mikono ninayo. Usukani nilishaanza kuuzoea kwenye uwanja wa mwalimu. Kilichokosekana ni leseni, na mbele ya leseni umekaa mtihani wa alama, Lindi mjini, kwa tarehe niliyopangiwa. Nikifeli, napangiwa tarehe nyingine, na kwa hesabu yangu tarehe hiyo ingenikuta kirikuu imelala uani na ufuta umeshaliwa na wenzangu.

Wazo la kadi lilikuwa la mwalimu. Alisema nizikate zile alama mojamoja, nibandike kila moja kwenye kipande cha boksi, picha mbele, jibu nyuma. Natazama picha, najibu kwa sauti, ndipo nageuza. "Usigeuze kabla hujajibu," alisema. "Ukigeuza mapema unajidanganya." Nilimwelewa haraka kuliko alivyotarajia. Muuza duka anayetaja bei ya mwisho kabla hajaulizwa ya kwanza hana biashara, ana sadaka.

Boksi lilikuwa la biskuti. Gundi, uji wa muhogo. Nyekundu nilitia kwa rangi ya mdomo iliyobaki tangu harusi ya mdogo wangu, na buluu nilitia kwa ile ya kufulia nguo nyeupe, niliyoikoroga na maji kidogo. Zilipokauka nilizipanga kwenye mkeka, nikazihesabu, nikazihesabu tena, zikatimia. Mende nao walikuwa wamezihesabu. Uji wa muhogo waliupenda, na kufika kesho yake kadi ya kukataza kuegesha haikuwa na kona moja.

Nilijisomea peke yangu siku kadhaa. Jioni nazipitia, nazijua. Asubuhi nazipitia, nazijua. Sokoni kitu kinachokuja kirahisi namna hiyo huwa si chenyewe, kwa hiyo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilifurahi kama mteja aliyenunua saa ya dhahabu kwa bei ya mchicha.

Jirani yangu ndiye aliyenitoa kwenye raha hiyo. Tunatumia ua mmoja. Yeye anakaanga mihogo na kuiuza pale nje na chachandu yake ya pilipili. Mmakonde wa Newala, mimi Mmwera, na baina yetu kuna utani, maana yake ana ruhusa ya kusema lolote juu ya kichwa changu na mimi sina ruhusa ya kununa. Alinikuta nimekaa kibarazani na kadi zangu.

"Mmwera, unacheza karata peke yako? Umekosa hata mtu wa kukudhulumu?"

"Najifunza alama. Nataka leseni."

"Wewe! Utagonga mti. Nami nakuapia, siku ukizikwa nitalala kaburini humo na sitoki mpaka wanipe sufuria zako zote."

"Chagua kabisa sasa hivi ipi unayotaka."

"Ile kubwa. Haya, lete nikushikie."

Akafuta mafuta mikononi kwa kanga, akanionyesha ya kwanza. Nikajibu. Ya pili, nikajibu. Nilijibu zote, bila kusita, na nikangoja sifa. Hakutoa. Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyekubali bei bila kuomba apunguziwe. Akachukua kadi ileile ya kukataza kuegesha, akaizungushia kiganja chake hadi ikabaki picha ya katikati tu.

"Hii ni nini?"

Nikakodoa macho. Duara, mstari wa kukata. Kichwani kweupe.

"Ondoa mkono," nikasema.

"Mkono wangu umekukosea nini? Picha si hiyo hapo?"

"Ondoa kidogo tu."

Akaondoa. Ikaonekana kona iliyoliwa na mende, na jibu likanijia lote kwa mara moja, kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango.

"Basi hujui alama wewe," akasema. "Unajua maboksi."

Tukajaribu na nyingine. Ilikuwa kweli. Kadi ya njia panda niliijua kwa herufi za biskuti zilizojitokeza pembeni. Ya matuta niliijua kwa alama ya kidole changu, nyekundu, juu kushoto. Ya watoto wa shule ilikuwa imekatwa upogo. Macho yangu yalikuwa yamefanya biashara yao ya pembeni bila kuniambia: yamechukua kilicho rahisi, yakaacha mzigo wenyewe.

Jambo hilo lilinitia udadisi kuliko lilivyoniudhi. Nilianza kujichunguza. Nikawa najiuliza, ni vitu gani vingine ninavijua kwa kona iliyoliwa na mende? Wateja wangu, kwa mfano. Kuna mama mmoja wa Njinjo ananunua kwangu kila msimu, tunataniana, namjua hata anavyoshika kitenge kukipima kwa dole gumba. Siku moja nilikutana naye hospitali akanisalimia, nami nikamwitikia kama mgeni. Hakuwa mbele ya meza yangu. Bila meza yangu, kumbe, uso wake sikuwa nao. Nilikuwa namjua kwa mahali alipozoea kusimama.

Mtani wangu hakuwa na muda wa falsafa. Alichukua kijiti akachora alama mchangani, kavu, bila rangi ya mdomo wala biskuti, akaniuliza. Nilifeli vibaya mno. Akafuta kwa mguu, akachora nyingine. Na kwa kila niliyokosa aliibandika jina la matusi, kwa sababu kumrekebisha mtani bila kumtukana ni kama kula muhogo bila chumvi. Ile pembetatu iliyosimama juu chini, ya kutoa nafasi kwa wengine, akaiita sambusa ya Mmwera, kwamba Mmwera hata sambusa anaikamata kichwa chini. Ile nyekundu yenye mstari mweupe mlalo, ya kutoingia, akaiita mdomo wa mkwe wako akiona umekuja mikono mitupu. Ya matuta ilikuwa shamba la viazi la mvivu: umelima matuta mawili ukachoka.

Ajabu ni kwamba zile alizozibandika matusi sikuzikosa tena. Nilizozipata mwenyewe kwa akili yangu nzuri, kesho yake zilikuwa zimetoroka. Nimelifikiria hili sana na sina jibu la kuuza. Nadhani sifa hupita juu ya kichwa kama maji juu ya jani la gimbi, na tusi lina ndoana. Au pengine ni ile aibu ndogo, ile ya kuchekwa uani na mtu unayempenda, ndiyo inayofanya akili ikae kitako. Kwa vyovyote, tusi lilikuwa punda na jibu lilikuwa mzigo. Nikimwona punda tu, mzigo umefika.

Tulizoea kukaa pale kibarazani alasiri, kabla wateja wa mihogo hawajaanza kuja. Bibi mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alitukuta kadi zimetandazwa.

"Shikamoo, bibi," tukasema wote wawili.

"Marahaba." Akatazama mkeka. "Astaghfirullah. Mnapiga ramli mchana kweupe?"

"Hapana bibi, hizi ni—"

"Hata, msiniambie." Akakaa kwenye ukingo wa baraza, akavuta mtandio. "Haya, nitazamieni na mimi. Lakini msimwambie mtu."

Mtani wangu hakupepesa jicho. Alichanganya kadi, akazifunika, akamwambia achague kwa mkono wa kulia. Bibi akatoa ile ya gari lenye michirizi miwili ya kupindapinda nyuma yake.

"Bibi, mbele kuna utelezi."

"Utelezi wa nini?"

"Hawakusema wa nini. Wamesema tu upunguze mwendo."

Bibi akaikazia macho ile kadi. "Kweli kabisa," akasema. "Nilitaka kwenda kwa mjukuu wangu kesho, na goti hili. Nitangoja." Akanunua mihogo yake akaondoka, na mpaka leo akinikuta njiani ananiuliza kwa sauti ya chini kama bado ninazo zile karata.

Kitu kingine nilichokigundua kilitoka sokoni, hakikutoka kwa mwalimu. Mwanzoni, kadi niliyoikosa nilikuwa naishika palepale, naitazama, naijibu mara nyingi mfululizo mpaka naona imenyooka. Nusu saa baadaye imepinda. Ndipo nikakumbuka habari ya mteja anayeondoka. Mteja akikataa bei na kuanza kwenda, ukimwita hajapiga hatua, umekwisha. Anajua unamhitaji, bei inaanguka. Ukimwacha apotee kabisa, kaenda kwa jirani. Kuna mahali pa katikati, karibu na kona, anapoanza kugeuza shingo. Hapo ndipo pa kumwita. Nikafanya vivyo hivyo na kadi. Niliyoikosa naichomeka katikati ya furushi, naiacha iende, inarudi wakati nimeanza kuisahau lakini haijafika kona. Ile taabu ya kuitafuta kichwani, "ilikuwa nini, ilikuwa nini," ndiyo iliyokuwa inaifunga. Zile ninazozijua nikaziweka ziende mbali zaidi, zirudi keshokutwa. Jibu lililokuja kwa jasho halikuondoka. Nilijiona nimevumbua jambo kubwa, nikamweleza mwalimu. Akasema, "Ndiyo, ndivyo zinavyotumika." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema sikuuliza.

Wiki ya mtihani ikaja. Asubuhi nikaketi kuzipitia, nikazihesabu. Nikazihesabu tena. Nikatoka uani.

"Mtani, imepungua moja."

"Hesabu tena."

"Nimeshahesabu tena."

"Basi imepungua." Akaendelea kugeuza mihogo kwenye mafuta.

"Mtani."

"Nimeitoa mimi, tangu juzi. Ulikuwa umeikosea, nikaona itakupoteza bure." Akainua karai la plastiki, akatoa chini yake kadi yenye duara la buluu na mshale mmoja mweupe ulioinama kushoto. "Hii hapa. Nyuma umeandika 'pita kushoto'. Sasa mwenzangu, mimi Kiingereza nilisoma. Kipi ni kaa. Lefti ni kushoto. Kaa kushoto ni kipilefti. Na kipilefti ni ile nyingine, yenye mishale mitatu inayokimbizana. Barabara nzima itakuwaje na vipilefti viwili?"

Nilifungua mdomo kumcheka nikakuta sina cha kumcheka. Ile ya mishale mitatu nyuma yake nilikuwa nimeandika "mzunguko", kama ilivyokuwa kwenye karatasi ya mwalimu, lakini mtu gani hapa anasema mzunguko? Mahali magari yanapozunguka panaitwa kipilefti, tumezaliwa tumekuta panaitwa hivyo. Na kama kipilefti maana yake ni kaa kushoto, na kadi hii ya mshale inasema pita kushoto, basi hii ndiyo kipilefti. Na ile?

"Labda zote mbili," nikasema.

"Mmwera hata kipilefti anataka cha akiba."

"Wewe umenifichia kadi wiki ya mtihani!"

"Nimekuondolea uchafu, unanipigia kelele. Mzunguko ni wa feni. Wewe kaandike mzunguko kwenye mtihani, wakurudishe na basi la jioni."

Hapo sikucheka. Ungenichorea mshale ule mchangani saa ile, nisingejua kwa hakika niseme nini, na nilikuwa nimebakiza kesho tu kabla ya kupanda basi. Alichokosea yeye hakikutoka kwenye ujinga. Kilitoka kwenye kujua. Mtu asiyejua Kiingereza hata kidogo asingeona tatizo.

Tukaenda wote kwa mwalimu, mtani akiwa bado na kanga yenye mafuta. Mwalimu alikuwa uwanjani kwake, pale ambapo ameweka tairi bovu la lori katikati na kulipaka chokaa ili tujifunze kulizunguka. Nikamwonyesha kadi zote mbili. Akaeleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeshaeleza sana. Ile ya mshale mmoja ni amri: pita upande wa kushoto wa kitu kilicho mbele yako. Ile ya mishale mitatu ni mzunguko. Neno kipilefti, akasema, ni la mtaani. Watu walikuta kibao cha amri kimesimama kwenye mzunguko, wakaupa mzunguko jina la kibao. "Kwenye mtihani msiniletee kipilefti," akasema. "Nimesema mara ngapi, kipilefti si jina la kitu."

"Tumekusikia, mwalimu," nikasema.

"Haya, ingia garini tumalizie. Anzia pale kipilefti, uzunguke, urudi kinyumenyume."

Mtani akanitazama. Kisha akamgeukia mwalimu kwa adabu zote za dunia. "Kipilefti kipi, mwalimu wangu?"

"Si hicho cha tairi! Kwani kuna kingine?"

Hakuelewa kwa nini mtani wangu ilibidi akae chini.

Nikiwa nazunguka lile tairi nilikuwa namfikiria mtu wa kwanza. Lazima kulikuwa na mtu wa kwanza. Amefika mjini, amesimama mbele ya kiduara cha nyasi katikati ya barabara, akauliza, "Hapa panaitwaje?" Na mwenzake, ambaye naye hajui lakini hapendi kuonekana hajui, akasoma kilichoandikwa kwenye kibao. Amri ikageuka jina. Ni kama mgeni afike kwangu, aone nimeandika mlangoni "Hodi kabla ya kuingia", arudi kwao akasema alifikia kwa Mama Hodi. Na wote walioelekezwa wakafika salama, maana jina likishakufikisha mahali, nani analiuliza lilitoka wapi?

Ile kadi haikufaa tena. Ilikuwa na doa la mafuta ya mihogo, na mimi nilikwisha jijua: ningeijua kwa doa. Nikachora mpya, nyeupe, bila kitu pembeni. Na mtani, kwa kujutia bila kusema anajuta, alinipiga maswali ya kadi hiyo na ya mishale mitatu, moja baada ya nyingine, mpaka mihogo ikaungua.

Lindi nililala kwa mdogo wangu, mtaa wa Rasbura. Asubuhi nikafika ofisini mapema, nikawakuta wengine wamekwisha kaa kwenye benchi, kila mtu anamwona mwenzake kama mtu wa kumpunguzia nafasi. Zamu yangu ilipofika nikaingia. Afande mtahini alikuwa amekaa chini ya bango kubwa la ukutani lenye alama zote, za rangi halisi, na rula mkononi. Nyekundu yake haikuwa ya mdomo. Buluu yake haikuwa ya kufulia. Hakukuwa na kona hata moja iliyoliwa.

"Shikamoo, afande," nikasema, ingawa kwa umri tulikuwa tunakaribiana. Adabu haina risiti lakini hairudishwi dukani.

"Marahaba, mama. Hii?"

Pembetatu kichwa chini. Sambusa ikaja mbio ulimini, nikaimeza, nyuma yake ikatoka, "Toa nafasi kwa wanaopita." Akasogeza rula. Mdomo wa mkwe. "Usiingie." Shamba la mvivu. "Matuta mbele." Nilikuwa nasikia sauti ya mtani kabla ya yangu, kila mara, na nilikuwa naibana midomo ili asitoke yeye. Rula ikagusa mishale mitatu.

"Mzunguko," nikasema, kwa fahari.

Ikashuka kwenye mshale mmoja.

"Na hii?"

"Kip—"

Nikajiuma. Afande akainua macho.

"Malizia."

"Nilikuwa nakohoa, afande."

"Umekohoa kwa herufi?"

Rula haikusogea. Mtazamo ule wa afande nilikuwa naujua. Ni ule wa mteja akiwa na fedha mkononi lakini hajaziachia. Nikaona msimu mzima umekaa juu ya ncha ya rula ile. Sikutafuta tena neno. Nilijiweka ndani ya kirikuu, usukani mkononi, kibao kile mbele yangu katikati ya barabara, na nikauliza mikono yangu inakwenda wapi.

"Napita kushoto kwake," nikasema.

"Ni amri au ni onyo?"

"Amri. Duara la buluu."

Akaandika kitu. "Ulitaka kusema kipilefti."

"Nilitaka, afande."

"Leo hujawa wa kwanza," akasema, akasogeza rula kwenda nyingine, na baada ya hiyo nyingine, na nyingine, mpaka akaiweka rula mezani na kunielekeza kwa mwenzake aliyekuwa ananingoja nje na gari. Huko nje sikuwa na wasiwasi. Gari halina upande wa nyuma wa kugeuza kama kadi.

Leseni nikaipata, na dunia ikaanza kuniudhi kwa namna mpya. Nimepita barabara ya kwenda Njinjo miaka na miaka, nimekaa kushoto kwa dereva, nahesabu mzigo kwa kioo cha pembeni. Ningeapa hakuna alama njia nzima. Safari yangu ya kwanza, mtani akiwa kiti cha pembeni na karai lake la mihogo mapajani, nilikuwa nazikuta zimesimama kama watu waliokuwa wananisalimia siku zote nisiwaitikie. Nyingine zimepigwa mawe, nyingine zimefunikwa na majani, lakini zipo.

Kwenye daraja moja jembamba, la kupita gari moja tu, kulikuwa na duara lenye mishale miwili, mwekundu na mweusi. Zamani nilidhani darajani hupita kwanza mwenye gari kubwa, au mwenye moyo. Alama ilikuwa inasema mimi ningoje, anayekuja apite. Ng'ambo alikuwa anakuja mtu wa bodaboda na matenga ya kuku kila upande. Nikasimama. Naye akasimama, maana gari likisimama huku bila sababu, kuna sababu.

"Pita!" nikampigia kelele dirishani.

"Pita wewe, mama! Wewe una gari!"

"Alama inasema wewe!"

"Alama ipi?"

Nikatazama. Upande wake nguzo ilikuwepo, kibao hakikuwepo.

"Mmwera," mtani akasema, "gulio linaanza hilo. Kwani huwezi kupita kama watu?"

Ningeweza. Bodaboda mwenyewe alikuwa ananipungia mkono nipite. Lakini nilikuwa nimeitolea jasho alama ile, na nilitaka kuona, walau mara moja, inavyofanya kazi. Nikashuka, nikavuka daraja kwa miguu, nikamweleza yule bwana juu ya mshale wangu na mshale wake. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotegemea, kuku wakimsukuma mgongoni. Akauliza, kama upande wake hakuna kibao, yeye angejuaje kwamba haki ni yake? Nikasema hiyo ndiyo shida. Akauliza, siku nyingine akimkuta dereva asiyeijua, itakuwaje? Nikasema basi asimame, kama alivyosimama leo.

"Sasa tofauti ni nini?" akasema.

Lori lilikuwa limeanza kupiga honi nyuma ya kirikuu yangu. Nikamwambia apite kwanza, mengine tutayamalizia Kilwa Masoko, maana nilijua wale kuku wanauzwa wapi. Akapita. Nikarudi mbio, nikaingiza gia. Tulipofika gulioni watu ndio kwanza walikuwa wanatandika, nikapata nafasi pembeni mwa njia, chini ya paa la mabati la mwenye duka, nikaanza kushusha ndoo.